Kicheko Katika Nyumba ya Mkristo

Somo: Mwanzo 21:1–7

  

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarani, nalo ni kicheko. Hatusemi kicheko cha walevi, wala kicheko cha watu wanaomdharau mwenzao. Twasema juu ya kicheko cha watu wa nyumba moja wanaopendana, wanapoketi pamoja baada ya kazi za mchana. Je, kicheko hicho kina mahali katika nyumba ya Mkristo? Na kama kina mahali, mbona katika nyumba nyingi zetu hakisikiki?

Hebu tufikirie nyumba moja. Yaweza kuwa Nakuru, au Kakamega, au Machakos. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama yumo jikoni anasonga ugali. Watoto wanne wako sebuleni. Yule mkubwa anamwiga mwalimu wake wa hesabu, jinsi anavyotembea na jinsi anavyoshika chaki, na wadogo wanacheka hata wanashika mbavu. Mara lango linalia. Mmoja anasema kwa sauti ndogo, "Baba amekuja." Kicheko kinakatika palepale. Huyu anashika kitabu, yule anakimbilia jikoni, mwingine anajifanya amelala. Baba anaingia, anavua koti, anaketi, anauliza ni nani aliyeacha viatu mlangoni. Chakula kinaliwa kimya. Kisha baba anafungua Biblia, anasoma sura moja, anaomba sala ndefu, na watu wanakwenda kulala.

Sasa, baba huyo si mlevi. Hampigi mkewe. Karo analipa. Jumapili yeye ni mmoja wa wanaokusanya sadaka, na baada ya ibada utamkuta chini ya mti akicheka na wazee wenzake hata machozi yanamtoka. Maana yake kucheka anajua. Ila kicheko chake anakiacha kanisani pamoja na kitabu cha nyimbo. Ukimwuliza kwa nini watoto wake hunyamaza akiingia, atakujibu kwamba ni heshima. Nasi twamwambia kwa upole, lakini twamwambia, kwamba hiyo ni hofu. Mtoto mwenye heshima huinuka ampishe baba yake kiti, kisha hukaa karibu ili asikie habari za safari. Mtoto mwenye hofu huondoka chumbani.

Jambo linalotusumbua zaidi ni hili. Mtoto huyo amefundishwa kumwomba Mungu na kumwita Baba kabla hata hajajua kusoma. Neno hilo atalitia maana gani? Hana baba mwingine wa kumfananisha ila yule aliyeketi kitini. Kama baba anayemjua ni mtu ambaye akiingia furaha hufa, basi atadhani na Mungu yuko hivyo hivyo. Ya kuwa Mungu akikaribia, watu hawana budi kunyamaza na kuficha walichokuwa wakikifanya. Akifika umri wa miaka 18 au 20, akapata kazi au chuo katika mji mwingine, hatabishana na mtu juu ya dini. Ataacha tu kwenda kanisani, kimya kimya, kama alivyokuwa akiondoka sebuleni. Wazazi watasema dunia imemharibu. Pengine ni dunia. Lakini sisi wazazi twapaswa kujiuliza kama dunia haikumkuta tayari yuko mlangoni, amevaa viatu.

Twende sasa katika somo letu. Mungu alipomwambia Abrahamu kwamba mkewe atazaa, Abrahamu alianguka kifudifudi akacheka. Mnaweza kuyasoma hayo katika Mwanzo 17. Alikuwa akikaribia miaka 100, na Sara miaka 90. Katika sura ya 18 Sara naye alisikiliza nyuma ya mlango wa hema, akacheka moyoni mwake. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyesadiki, na alipoulizwa alikana, kwa kuwa aliogopa. Angalieni sasa Mungu alifanya nini. Kuhani Zakaria katika Injili ya Luka, aliposhindwa kusadiki habari za namna hiyo hiyo, alifungwa ulimi hata siku mtoto alipopewa jina. Sara hakufungwa ulimi. Mungu aliwapa mtoto, na jina la mtoto alilichagua Mungu mwenyewe kabla hajazaliwa. Akaitwa Isaka, na kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka".

Basi kila Sara alipomwita mtoto aje ale, alikuwa akiita kicheko kije hemani. Na katika mstari wa 6 wa somo letu yeye mwenyewe anakiri kwamba kicheko hicho amepewa na Mungu, na kwamba kila atakayezisikia habari zake atacheka pamoja naye. Kile kicheko cha uchungu cha mwanamke mzee nyuma ya mlango, Mungu alikichukua akakirudisha kikiwa kicheko cha mama mwenye mtoto kifuani. Hiyo ndiyo nyumba ambayo sisi sote kwa imani twajiita watoto wake.

Isaka akakua, akaoa. Mnakumbuka kwamba alipokuwa Gerari aliwadanganya watu wa mji kwamba Rebeka ni dada yake. Uongo huo hatuusifu. Lakini siku moja mfalme Abimeleki alichungulia dirishani, akamwona Isaka akicheza na Rebeka, na mara moja akajua kwamba yule si dada. Ni Mwanzo 26:8. Na wenye kujua Kiebrania hutuambia kwamba neno lililotumika pale kwa "kucheza" limetoka katika shina lile lile la jina la Isaka. Mfalme hakuonyeshwa cheti cha ndoa. Aliona tu jinsi walivyofurahiana. Nasi twauliza: jirani akichungulia dirishani kwetu jioni, je, atajua kwa dalili hiyo kwamba hawa ni mume na mke? Au atadhani ni wapangaji wawili wanaogawana kodi ya nyumba?

Sheria ya Musa nayo iliangalia jambo hili. Kumbukumbu la Torati 24:5 yaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, wala asitwikwe kazi yoyote ya watu wote, kwa muda wa mwaka mzima, bali awe huru nyumbani amfurahishe mkewe. Ingekuwa vizuri wenyeviti wa kamati zetu za kanisa wausome mstari huo kabla hawajamchagua bwana arusi wa juzi kuwa karani wa kamati tatu.

Labda mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale, na kwamba hajasoma mahali popote kwamba Bwana Yesu alicheka. Ni kweli, Injili hazisemi hivyo kwa neno hilo. Lakini alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha aliamuru mitungi sita ya mawe ijazwe maji mpaka juu. Hatutaki leo kuingia katika mabishano ya divai. Twataka mwangalie kipimo tu. Kwa hesabu ya siku hizi mtungi mmoja ulichukua kadiri ya debe 4 mpaka 6. Mitungi sita ni debe 24 na zaidi, kwa arusi ya kijijini ambayo ilikuwa imeanza zamani! Mtu asiyetaka watu wafurahi angejaza mtungi mmoja na kuwaambia waende nyumbani mapema.

Tena sikilizeni jinsi alivyofundisha. Alisema juu ya mtu mwenye boriti zima jichoni anayejitolea kumtoa mwenzake kibanzi. Alisema juu ya wale wanaochuja mbu kwa uangalifu kisha wakameza ngamia. Aliyesema maneno ya boriti alikuwa seremala, aliyejua uzito wa boriti begani. Sisi tumezoea kuyasoma maneno hayo kanisani kwa sauti ya mazishi, lakini kama watoto walikuwamo katika makutano yale, na twajua kwamba walikuwamo, hatuwezi kuamini kwamba hawakucheka. Na Luka, alipoandika Matendo ya Mitume sura ya 12, hakuona aibu kutueleza habari za msichana Roda, aliyesikia sauti ya Petro mlangoni, akafurahi sana hata akasahau kufungua, akakimbia ndani kuwaambia watu. Waliokuwa ndani wakiomba wakamwambia ana wazimu. Na mtume, aliyetolewa gerezani na malaika, aliendelea kubisha hodi nje.

Ndugu wengine hututajia Waefeso 5:4, ambapo Mtume Paulo anakataza maneno machafu na mizaha isiyofaa. Twakubali kabisa. Mithali 26:18–19 ni kali zaidi. Inamfananisha mtu anayemdanganya mwenzake kisha akajitetea kwamba alikuwa akitania, na mwenda wazimu anayetupa mienge na mishale. Twamjua mtu huyo. Ni yule anayewaeleza wageni, mkewe akisikia, jinsi wali ulivyoungua siku ile, na jinsi mama yake mzazi alivyokuwa hodari wa kupika. Ni yule anayemwita binti yake mnene mbele ya rafiki zake, au kumtania mvulana kwa kuwa alikuwa wa mwisho darasani. Wote wanacheka isipokuwa mmoja, naye akilia anaambiwa hajui mzaha. Kicheko cha namna hiyo hatukitaki nyumbani. Mtu akitaka kujua kama mzaha wake ni mwema, amwangalie usoni yule anayetaniwa.

Lakini kwa nini jambo hili limekuwa gumu zaidi katika siku zetu? Sisi twaona sababu moja ambayo haisemwi mara nyingi. Zamani, katika makabila mengi ya nchi hii, baba kukaa mbali kidogo na watoto halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu kazi ya kucheka na watoto ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa kazi ya babu na nyanya. Mjukuu aliyepewa jina la babu yake, nyanya alimwita "mume wangu", akamlalamikia kwamba hamletei kuni wala nyama, na mtoto wa miaka mitano akajibu kwamba atamwoa mwingine asiye na mvi. Huo ni utani wenye heshima yake na mipaka yake. Usiku kulikuwa na hadithi za sungura na fisi karibu na moto, kulikuwa na vitendawili, na mtoto alikwenda kulala amecheka. Baba angeweza kuwa mkali, kwa maana nyumba ya nyanya ilikuwa hatua chache tu.

Leo watu wengi wanaishi mijini katika vyumba viwili, na nyanya yuko mbali, safari ya saa saba kwa basi. Watoto wanamwona Desemba, basi. Ule ukali wa baba tuliuchukua, tukahamia nao mjini, lakini nyanya tulimwacha nyumbani. Ni nani basi anayecheka na mtoto? Mara nyingi ni televisheni, au simu. Tumeona nyumba ambayo watu wanne wameketi pamoja, kila mmoja anacheka, na kila mmoja anacheka peke yake kwa sababu ya kitu kilicho mkononi mwake. Hatusemi simu ni ya shetani. Twasema tu kwamba ile kazi ya nyanya imebaki bila mtu, na Mungu anatuuliza sisi wazazi nani ataifanya.

Makanisa yetu ya Kiprotestanti yanapenda kumtaja Martin Luther, nasi twataka kumtaja leo, lakini si yule Luther wa mlango wa kanisa na wa mabishano na papa. Twataka mmwone Luther nyumbani. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa amekwisha kutoka katika nyumba ya watawa. Walikaa Wittenberg, Ujerumani, katika jengo ambalo zamani lilikuwa makao ya watawa, wakazaa watoto sita. Nyumba ilijaa wanafunzi, wageni na yatima wa jamaa. Baada ya chakula Luther alipiga ala ya nyuzi mfano wa gitaa, na watu wakaimba.

Hata kabla hajaoa, mwaka 1522, alikuwa amekwisha kuandika neno ambalo twatamani kila mwanamume Mkristo alisikie. Alisema kwamba baba akifua nepi za mtoto wake, naye akifanya hivyo kwa imani, watu wakipita na kumdhihaki kwamba amekuwa mwanamke, basi Mungu pamoja na malaika wake wote wanacheka kwa furaha. Na furaha yao haitokani na nepi zile bali na imani ya baba yule. Fikirini hayo, ndugu. Mbinguni kunachekwa kwa sababu ya mwanamume mwenye povu mikononi!

Mwaka 1530 Luther alikuwa mbali na nyumbani, katika ngome ya Coburg, kwa miezi mingi. Rafiki zake walikuwa Augsburg mbele ya Kaisari, ambako Ungamo la Augsburg lilisomwa tarehe 25 Juni. Yalikuwa mambo ya kufa na kupona kwa kanisa. Tarehe 5 Juni zilimfikia habari kwamba baba yake mzazi amefariki. Alichukua kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani akalia. Na tarehe 19 Juni, majuma mawili baadaye, mtu huyu mwenye kilio moyoni na mzigo wa kanisa begani aliketi akamwandikia barua mwanawe Hans, aliyekuwa amekwisha tu kutimiza miaka minne. Hakumwandikia habari za Kaisari. Alimwandikia juu ya bustani nzuri, ambamo watoto wenye makoti ya dhahabu huokota matofaa chini ya miti, huimba na kurukaruka, nao wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Akamweleza kwamba amemwuliza mwenye bustani kama Hans naye anaweza kuja, na ameambiwa kwamba naam, akipenda kusali na kusoma anaweza kuja, na rafiki zake wawili pia.

Hatusemi Luther alikuwa baba mkamilifu. Alikuwa mkali mara nyingine, na maneno yake dhidi ya watu wengine yalikuwa mabaya, hasa yale aliyoyaandika uzeeni juu ya Wayahudi. Lakini mtoto yule wa miaka minne alijua kwamba baba yake, hata akiwa katika mambo makubwa ya dunia, anafikiri juu ya farasi wadogo. Na mwaka 1542, binti yao Magdalena alipokufa mikononi mwa baba yake akiwa na umri wa miaka 13, hawakuwa wageni kwa wenzao katika nyumba ile. Walijua kulia pamoja kwa sababu walikuwa wamejua kuimba pamoja.

Tumetaja kufiwa, basi na tuseme neno kwa wale ambao wanatusikiliza wakiwa na uzito. Kuna mama anayetusikia ambaye hajacheka tangu mazishi. Kuna baba aliyeachishwa kazi, na karo ya muhula huu haijulikani itatoka wapi. Hatuwaambii jichekesheni. Mhubiri asema uko wakati wa kulia na wakati wa kucheka, na wakati wa kulia umeutaja kwanza. Twawaambia tu msiwakataze watoto. Mtoto anayecheka katika nyumba ya msiba hajamsahau marehemu. Ni Mungu anayewatumia watoto kufungua dirisha kidogo.

Na kwa akina mama wengine, shida si huzuni bali ni uchovu. Ameamka saa kumi na moja, ameteka maji, amekwenda kazini au shambani, amerudi, amepika, amefua. Mume anamwuliza kwa nini siku hizi hacheki. Ndugu, mchukulie ndoo! Hakuna somo la Biblia litakalomchekesha mtu aliyechoka namna hiyo kama vile kumwona bwana wa nyumba akiosha sufuria, hata kama ataziosha vibaya.

Lakini nanyi akina mama, mkumbukeni Mikali. Katika 2 Samweli 6 Daudi alirudi nyumbani siku ya furaha kubwa, akiwa na nia ya kuibariki jamaa yake, na mkewe akamlaki mlangoni kwa kejeli juu ya jinsi alivyocheza mbele ya sanduku la Bwana. Baba mwingine ameanza kujaribu kucheka na watoto, akaambiwa, "Leo umekula nini?" Hakujaribu tena.

Kuna nyumba nyingine ambazo kicheko hakiji kwa sababu pana jambo lililofichwa. Mume na mke hawasemezani ila juu ya unga na mafuta. Ndugu wa Uamsho, ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, walituachia fundisho kubwa hapa. Kwao mtu alipokiri dhambi yake nuruni, wenzake hawakukaa wakimhurumia. Waliimba Tukutendereza na kumkumbatia. Na wengi wao walikuta kwamba mahali pagumu pa kukiri si mkutanoni mbele ya mamia, bali ni nyumbani mbele ya mke na watoto. Baba akimwambia mwanawe, "Jana nilikupiga kwa hasira, wala hukuwa na kosa, nisamehe," baba huyo hapungukiwi na kitu. Na jioni hiyo mara nyingi ndiyo jioni ya kwanza ambayo lango likilia, mtoto habanduki kitini.

Twataka pia mkitazame tena kile kisa cha mwana mpotevu, Luka 15, ila safari hii mwangalie nyumba. Ni nyumba yenye ndama aliyechinjwa, ngoma na nyimbo, hata mtu aliye shambani akazisikia. Na mwenye kuandaa ngoma hiyo ni baba. Aliyekaa nje na uso uliokunjamana ni yule mwana mkubwa, mwenye bidii, asiyevunja amri hata moja. Akamwuliza mtumishi mambo haya maana yake nini, kana kwamba furaha katika nyumba ya baba yake ni jambo la kuchunguzwa. Tena baba alitoka nje kumsihi aingie. Bwana Yesu hakutuambia kama aliingia.

Labda mwauliza tuanze wapi. Msianze na mambo makubwa. Lango likilia leo, baba, ingia na neno moja la kuchekesha ulilolisikia katika matatu kabla hujauliza juu ya viatu. Viatu vitakuwapo tu. Waulizeni watoto wasimulie kilichowachekesha shuleni, na mkisikilize mpaka mwisho hata kama hakichekeshi. Katika sala ya jioni, mtoto mdogo akiombea kuku wake mgonjwa, msimkemee, wala msimkatize kwa kikohozi. Sala ya watu wote iwe fupi. Wazee wamalizie zao ndefu chumbani. Siku moja katika juma zimeni redio, ndiyo, hata hii yetu, mwekeni kila mtu simu yake juu ya kabati, mtegane vitendawili. Na sheria ya zamani ifuatwe: asiyeweza kujibu atoe mji. Baba anayeshindwa na kumtolea mtoto wa miaka saba mji mzima wa Mombasa, na bandari yake, hajavunjiwa heshima. Mtoto huyo atawaambia watu habari hizo hata atakapokuwa na wajukuu.

Na tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, uliyempa Sara kicheko alipokuwa amekwisha kukata tamaa, twakuletea nyumba ambazo leo hakuna aliyecheka. Wewe wazijua moja moja. Mtazame baba aliye njiani sasa hivi kurudi kwake. Mtazame mama aliyechoka, na watoto wanaosikiliza mlio wa lango. Ingia pamoja na baba huyo usiku huu, wasikuogope. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Na kabla hatujaagana, hivi hapa vitendawili vitatu vya jioni ya leo, vyote vya Biblia. Kitendawili! Tega! Mgeni alijikaribisha kwangu nikiwa bado juu ya mti. Cha pili: mnyama wangu alimwona mwenye upanga njiani, na mimi niliyeitwa mwonaji sikuona kitu. Cha tatu: nilisafiri siku tatu katika chombo kisicho na dirisha wala magurudumu, sikutozwa nauli, na mwisho wa safari chombo chenyewe kilinitapika. Wazee watakaoshindwa na cha kwanza wasome Luka 19, na cha pili wasome Hesabu 22. Cha tatu hatusemi kinapatikana wapi, kwa maana mtoto yeyote wa shule ya Jumapili atakijibu kabla baba hajaweka kikombe chini.